Tisa Hadi Moja: Mambo Ambayo Damu ya Mtu wa Yanonge Inayajua Kuliko Mwenyewe

Ukiteremka Mto Kongo kutoka Kisangani hadi Yanonge, safari ya kilomita kama 60, utapita mdomo wa mto Lindi, kisha misheni ya Yakusu. Abiria wengi wakati huo wanabishana juu ya bei ya makaa, au wamelala juu ya mifuko ya mpunga. Hakuna wa kulaumiwa, jua ni kali. Lakini kipande hiki cha maji kimeona mambo ya kinga ya mwili kuliko vyuo vingi vyenye majengo ya vioo: malale, chanjo ya polio, kambi ya sokwemtu, ngoma zinazosema, na mwanabiolojia Mwingereza aliyekuja kutafuta chanzo cha SIDA akaondoka na malaria.

Basi nimepanga orodha. Inashuka kutoka tisa hadi moja kwa upendeleo wangu mtupu. Asiyeridhika aandike yake. Sharti ni moja: neno “jeshi” ni marufuku. Tumechoka kuambiwa kwamba seli nyeupe ni askari. Askari huonyeshwa adui kabla ya kufyatua. Kinga haionyeshwi mtu. Inabahatisha, inapima, inafuta, inarudia, na yote hayo inayafanya ndani ya mipaka ya joto, muda na nishati. Ndiyo maana wanafizikia wameingia kwenye somo hili bila kubisha hodi, na sasa hawataki kutoka.

9. Bahati nasibu ambayo tiketi zake haziishi

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Vijidudu vinavyoweza kumvamia havina idadi. Hata mtoto wa darasa la pili ataona kwamba jeni hazitoshi, maana kila kijidudu kinahitaji kipokezi chake cha kukitambua. Mjapani Susumu Tonegawa alionyesha mwaka 1976 jinsi mwili unavyoiruka hesabu hiyo, akapewa Nobeli mwaka 1987. Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hukata vipande vya DNA yao zenyewe na kuviunga upya kwa kubahatisha. Seli T nazo hufanya hivyo hivyo. Kwenye maungio huongezwa na kupunguzwa herufi ovyo, kana kwamba aliyekata hakutosheka na fujo ya kwanza.

Vipokezi vya seli T vinavyoweza kupatikana kwa njia hii vinapita moja yenye sifuri 15 nyuma yake. Seli T zote mwilini ni mamia ya mabilioni tu. Maana yake hakuna mwili wenye orodha nzima. Kila mtu anatembea na sampuli yake. Mwaka 1979 Alan Perelson na George Oster walijiuliza swali la kifizikia kabisa: sampuli inatakiwa iwe kubwa kiasi gani ili kitu kigeni kisipenye? Jibu lao lilikuwa kwamba kila kipokezi hakishiki umbo moja tu, hushika pia maumbo yanayolikaribia. Kwa hiyo ukiwa na aina milioni kadhaa zilizotawanyika vizuri, mianya inabaki michache sana.

Mapacha wa kufanana wanaogombania shati moja pale Yanonge, kwa habari ya kinga hawana cha kugombania. Kila mmoja alichezeshewa bahati nasibu yake.

8. Mtihani wa thaimasi

Bahati nasibu hutoa na vichaa. Seli T changa hupelekwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na huko huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe. Isiyoshika chochote hufa. Inayoshika kwa nguvu mno nayo hufa, maana ingekuja kumla mwenye mwili. Katika kila seli mia, zinazotoka hai hazifiki kumi. Mara nyingi hazifiki hata tano.

Ndugu zetu wanaolia kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, yakitoka: huku hakuna kurudia, wala mjomba wa kumpigia simu.

7. Ngoma ya Walokele na sekunde chache za seli T

Hapa naomba tukae kidogo, chai ipo.

Seli T ikigusa seli nyingine hukuta juu yake vipande vya protini makumi ya maelfu. Karibu vyote ni vya mwenyeji. Vya mgeni vinaweza kuwa havifiki kumi, na bado inatakiwa ivione. Tofauti kati ya mgeni na mwenyeji ni ndogo kwa namna ya kuudhi: mgeni huganda kwenye kipokezi kwa sekunde kadhaa, mwenyeji huachia mapema zaidi. Na kwenye nyuzi 37 za joto kila molekuli inatikisika. Ni kelele tupu. Utamtambuaje mtu kwa muda aliokushika mkono, tena sokoni, katikati ya msukumano?

Jibu lilianzia mbali na kinga. John Hopfield, mwanafizikia Mmarekani, aliandika mwaka 1974 jinsi seli inavyopunguza makosa inapotengeneza protini. Mfaransa Jacques Ninio akafika hapo hapo mwaka 1975 kwa njia yake. Mwaka 1995 Timothy McKeithan akaihamishia hoja hiyo kwenye seli T. Kipokezi hakipigi kelele mara tu kinapogusa. Lazima kipite hatua kadhaa mfululizo, kila moja inalipiwa nishati, na kilichoshikwa kikiachia katikati, hesabu inarudi mwanzo.

Tufanye hesabu, namba ni zangu za mfano. Mgeni ana nafasi 9 katika 10 za kuvuka hatua moja. Mwenyeji ana 5 katika 10. Kwa hatua moja, mgeni hamzidi mwenyeji hata mara mbili. Kwa hatua kumi, mgeni anafaulu kama mara 35 katika mia, mwenyeji mara moja tu katika elfu. Sasa anamzidi mara 350 hivi. Umelipa kwa muda, kwa nishati, na kwa kuwapoteza wageni wengi njiani, lakini mgeni atakushika tena. Si mtu wa kukata tamaa.

Walokele wa mto huu walikuwa wanaifanya biashara hiyo kwa gogo lililochongwa. Ngoma yao ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Irabu na konsonanti zote zinapotea. Neno la mwezi na neno la kuku, kwenye ngoma, ni pigo lile lile. Kwa hiyo mpigaji hasemi “mwezi” akaishia hapo. Anaongeza kwamba ni ule unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku naye ni yule mdogo asemaye kiokio. Kila neno la nyongeza ni hatua moja zaidi ambayo maana ya uongo haiwezi kuivuka. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, aliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Claude Shannon kutoa nadharia yake ya habari kule Marekani. Wazee wa ngoma hawakumngojea Shannon.

Hopfield alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2024, pamoja na Geoffrey Hinton, kwa kazi ya mitandao ya neva ya kompyuta. Sisi wa upande wa seli T tulicheza pia, ingawa hatukualikwa. Na wewe unayelalamika kwamba mzee fulani anazunguka sana kabla ya kufikia jambo: seli zako zina tabia hiyo hiyo, na ndiyo iliyokuacha hai.

6. Darwin ndani ya mtoki

Mageuko ya viumbe huchukua maelfu ya miaka. Ya seli B huchukua wiki chache, na yanafanyika chini ya taya lako.

Kijidudu kikiingia, seli B zilizobahatika kukishika hata kwa ulegevu hukusanyika ndani ya tezi za limfu na kuanza kugawanyika. Kila zinapogawanyika, jeni za kingamwili zao hubadilika kama herufi moja katika elfu, kasi inayoizidi ile ya kawaida mwilini mara milioni hivi. Kimeng'enya kinachochokoza jambo hilo kiligunduliwa kwenye maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, mwaka 1999. Mabadiliko mengi ni hasara. Seli iliyoharibikiwa haishiki kitu, hainyakui kipande cha kijidudu, haipati msaada wa seli T, inakufa. Iliyobahatika kushika vizuri zaidi inarudi kugawanyika. Baada ya duru kadhaa kingamwili hushika mara mia, hata mara elfu, kuliko zile za mwanzo. Mwaustralia Macfarlane Burnet alilitabiri wazo la msingi mwaka 1957, kwamba kijidudu hakiifundishi seli bali kinaichagua.

Kuna dari, nayo ni ya kifizikia. Jefferson Foote na Herman Eisen waliieleza mwaka 1995. Seli B huchukua muda fulani kukimeza kilichoshikwa. Kingamwili ikishaweza kushika kwa muda mrefu kuliko huo, kushika siku nzima hakuiletei faida yoyote mbele ya washindani wake. Uchaguzi hauoni tofauti, na mageuko yanasimama. Uwezo wa kuendelea ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuutuza.

Kwa hiyo, mama, mtoto akija na uvimbe chini ya taya, usiubonyeze kila dakika. Mle ndani watu wako kazini.

5. Kamari yenye mizizi ya mraba

Nafasi ya seli mwilini ni finyu. Malaria inakuja kila msimu. Ebola ilizuka Likati, kule Bas-Uele, Mei 2017. Watu wanane waliugua, wanne wakafa, kisha ikatoweka. Mwili uweke walinzi wangapi kwa kitu cha kila siku, na wangapi kwa kitu kinachofanana na hicho cha pili, ambacho huenda usikutane nacho hadi kufa?

Mtu wa mtaani atasema gawa kwa uwiano: kinachokuja mara mia zaidi, kipe mara mia zaidi. Mwaka 2015 Andreas Mayer, Vijay Balasubramanian, Thierry Mora na Aleksandra Walczak walipiga hesabu hiyo na kuonyesha kwamba uwiano ni kosa. Kijidudu kinazidi kudhuru kadiri muda unavyopita kabla ya kukutana na kipokezi kinachokishika. Ukiwa tayari na vipokezi vingi vya malaria, kuongeza vingine kunapunguza muda huo kidogo mno. Vikiwekwa upande ambao hauna kitu, vinaupunguza sana. Katika sura nyepesi ya hesabu yao, mgao unafuata mzizi wa mraba: kinachokuja mara mia zaidi kinapata mara kumi tu. Nadra hupewa zaidi ya haki yake.

Naipenda sana hesabu hii, kwa sababu inapingana na kila bajeti niliyowahi kuiona. Anayeweka franka zake zote kwa timu ya Mazembe kila Jumapili atashinda mara nyingi, halafu kuna Jumapili moja atakosa hata nauli ya baiskeli ya toleka.

4. Malale, au mwanafunzi aliyebadilishiwa somo

Yakusu tena. Daktari Clement Chesterman alifika pale mwaka 1920 akakuta malale imeketi kwenye vijiji vya mto. Akafundisha wauguzi wa hapa hapa, wakazunguka vijijini na sindano na darubini. Kipimo cha kwanza kilikuwa vidole: kupapasa nyuma ya shingo kutafuta tezi zilizovimba. Dalili hiyo ilikuwa imeandikwa tangu 1803 na Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa Sierra Leone, na aliongeza jambo la kutisha: wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wanaijua, na wakiiona shingoni hawanunui.

Tezi zilizovimba ni seli B zikifanya kazi ya namba sita. Zinafanya bidii, zinajifunza, na zinashindwa. Kwa nini?

Kimelea kinacholetwa na mbung'o kimevaa koti la molekuli kama milioni kumi za protini moja. Mwili unajifunza koti hilo, na kwa wiki moja hivi unavifuta vimelea karibu vyote. Karibu. Vichache vimeshabadili koti, na vina akiba ya jeni na vipande vya jeni vinavyozidi 2,000 vya kushonea mengine. Vinazaliana upya, homa inarudi, mwili unaanza somo jipya. Wimbi juu ya wimbi, miezi hata miaka, mpaka vimelea vinaingia kwenye ubongo na mgonjwa anaanza kulala mchana na kukesha usiku. Kumbukumbu ya kinga, kitu tutakachokisifu hapo chini, hapa haisaidii: inakumbuka vizuri kabisa koti ambalo halivaliwi tena. Ndiyo maana chanjo ya malale haipo.

Na kuna ujanja wa pili, ambao Markus Engstler na wenzake wa Ujerumani waliueleza mwaka 2007. Kimelea hakikai kimya, kinaogelea mbele muda wote. Kingamwili ikijibandika kwenye koti, inachomoza nje, na maji yanayopita kando yanaisukuma kuelekea mkiani, ambako kuna mfuko unaoimeza. Kwa dakika chache kimelea kimejisafisha. Mvuvi yeyote wa Yanonge angewaambia bila darubini: ukipiga kasia kwenda mbele, kilichong'ang'ania ubavuni kinarudi nyuma.

Mwaka 1998 Kongo peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Tangu 2018 dunia nzima haifikishi 1,000 kwa mwaka. Sifa hizo si za seli B. Ni za timu za kupima kijiji kwa kijiji, na za dawa. Tangu mwishoni mwa 2018 kuna fexinidazole, vidonge vya siku kumi, tofauti na sindano ya zamani ya aseniki ambayo yenyewe iliua wagonjwa kama watano katika mia. Darwin akikushinda kwa makoti, mtafutie mkemia.

3. Kusahau

Hapa utani unapungua.

Surua ikimkamata mtoto hushambulia seli zilezile zinazotunza kumbukumbu. Mwaka 2019 Michael Mina na wenzake walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua. Watoto walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Sehemu ya yale waliyojifunza kwa kuugua mafua, kuhara na nimonia imefutwa. Inabidi wayaugue tena. Mwaka huo huo surua ilikuwa inaenea Kongo nzima, na hadi mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu vifo zaidi ya 6,000. Hesabu hiyo ni ya waliouawa na surua. Haiwahesabu waliopona wakarudi nyumbani sehemu ya kinga yao ikiwa imefutwa.

Jamii nayo husahau, kwa mwendo wa pole. Ndui ilitangazwa kumalizika mwaka 1980 na chanjo yake ikasimamishwa. Chanjo ile ilikuwa inakinga pia mpox, ndugu yake wa msituni. Anne Rimoin na wenzake walipima Sankuru mwaka 2006 na 2007 wakakuta mpox imeongezeka kama mara ishirini kuliko miaka ya 1980. Virusi havikuhitaji kujifunza lolote jipya. Waliokuwa na kumbukumbu walizeeka, na waliozaliwa baada yao hawakupewa.

2. Mzee Hamilton na kambi ya Lindi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na Kisangani iliyoitwa Stanleyville, kambi ya Lindi ilifuga sokwemtu mamia. Walitumika kupima usalama wa chanjo ya polio ya matone ya Hilary Koprowski, kwa ushirikiano na Ghislain Courtois wa maabara ya mjini. Mwaka 1958 chanjo hiyo ilitolewa kwa watu zaidi ya 200,000 katika bonde la Ruzizi, kwa wiki chache tu. Miaka arobaini baadaye, 1999, mwandishi Edward Hooper akatoa kitabu kinene akidai kwamba SIDA ilitoka humo, kwenye figo za sokwe hao.

Aliyeandika dibaji ya kitabu hicho ni William Hamilton wa Oxford, na hapo ndipo ninapompenda. Hamilton ndiye aliyeshikilia kwamba viumbe huzaliana kwa dume na jike kwa sababu ya vimelea. Vimelea vinaishi haraka, vinazaliana haraka, vinajifunza kufuli za mzazi. Mtoto anayefanana na mzazi kwa kila kitu anarithi na mwizi wake. Kuchanganya jeni ni kubadilisha kufuli kila kizazi. (Kijana, mtoto asipofanana nawe usikimbilie baraza la wazee. Huenda ni vimelea tu.)

Hamilton hakuridhika na dibaji. Mwanzoni mwa 2000, mji ukiwa mikononi mwa waasi, miezi michache kabla ya Vita ya Siku Sita ya Kisangani, alikuja huko na vijana wawili, mmoja wao Michael Worobey, kukusanya vinyesi na mikojo ya sokwemtu msituni ili dai lipimwe. Alirudi London na malaria, akapelekwa hospitali, akavuja damu, akafa tarehe 7 Machi 2000. Kimelea kilichomfanya augue, kile cha malaria, kina jeni kama 60 za kubadili sura yake. Mtu aliyeandika maisha yake yote juu ya mbio hizi alikuwa akikimbia bila chanjo, maana haikuwepo.

Worobey aliendelea. Mwaka 2004 alichapisha jibu: virusi vya sokwemtu wa misitu ya Kisangani ni vya ukoo mwingine, havikuzaa SIDA inayotuua. Mwaka 2008, kwa kulinganisha sampuli za zamani za Kinshasa, alikadiria kwamba kirusi kilianza kuenea kwa binadamu kati ya 1884 na 1924. Chanjo ya polio haikuwa imezaliwa. Hooper hakukubali, lakini mimi nimekubali.

Kuhusu kwa nini kinga inashindwa na kirusi hicho, aliyepiga hesabu ni Perelson wa namba tisa, yeye na David Ho, mwaka 1996. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa hutengeneza virusi bilioni kumi kwa siku. Kirusi kina herufi kama 10,000, na hukosea kunakili moja katika makumi ya maelfu. Zidisha mwenyewe: kila kosa la herufi moja linalowezekana linajaribiwa mara nyingi kabla ya chakula cha jioni. Dawa moja itakwepwa. Dawa tatu pamoja zinataka makosa matatu kwa mpigo mmoja, na hayo hata bilioni kumi ni vigumu kuyapata. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake kila siku anaishi juu ya kuzidisha huko.

1. Damu ya Kikwit

Mwaka 1995 Ebola ilikuwa Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe na madaktari wa hapo waliamua kuwapa wagonjwa wanane damu ya waliopona. Saba wakaishi. Wataalamu wa nje walitikisa vichwa: wagonjwa wachache mno, hakuna wa kulinganisha nao, na huenda walikuwa tayari njiani kupona. Kwa kanuni za takwimu hawakukosea. Muyembe hakuwabishia sana, alisubiri.

Mwaka 2006 mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu. Ilikuwa imepita miaka 11. Seli B zilizokumbuka zilikuwemo bado, na kutoka humo watafiti wakachambua kingamwili moja inayokamata Ebola kwa ustadi, mAb114, iliyotangazwa mwaka 2016. Ikajaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika mlipuko ulioanza 2018. Waliopewa ZMapp, dawa iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, walikufa nusu. Waliopewa mAb114 walikufa 35 katika mia, na waliofika mapema walikufa wachache zaidi ya hapo. Mwishoni mwa 2020 ikaidhinishwa Marekani kwa jina la Ebanga. Somo ambalo tezi za mtu mmoja wa Kikwit zililisoma kwa wiki chache za homa sasa linafungwa kwenye chupa.

Na Yambuku, ambako Ebola ilizuka mwaka 1976? Timu ya Rimoin na Muyembe iliwatafuta waliopona, ikapata 14, na kupima damu yao miaka arobaini baadaye. Wote 14 walikuwa bado na kingamwili zinazotambua kitu fulani cha Ebola. Wanne, damu yao iliweza kukizima kirusi chenyewe.

Sasa fizikia. Molekuli ya kingamwili haidumu. Kila siku 21 hivi nusu yake inavunjwa. Miaka arobaini ni vipindi vya namna hiyo karibu 700. Gawa kwa mbili mara 700 uone kilichobaki. Hakuna. Hata kama mtu angeanza na kingamwili nyingi kuliko atomi za Jua, isingebaki molekuli moja. Iliyopimwa kwenye damu ya wazee wa Yambuku haikuwa na miaka arobaini hata kidogo. Ilikuwa ya wiki zile zile. Ndani ya uboho wa mifupa yao kuna seli zilizojichimbia humo, zinatema molekuli maelfu kila sekunde kwa nakala ile ile iliyochaguliwa mwaka 1976, Mobutu akiwa madarakani, nchi ikiitwa Zaire, pasipo mtu wa kuzikagua wala kuzilipa.

Nendeni mkaombe faili la mwaka huo katika ofisi yoyote mnayoifahamu, kisha mje mniambie mmepewa nini.